Fahamu: Namna ya kukusanya riwaya za wanawake zenye saini ukiwa Singida

Riwaya za zamani za wanawake wa Afrika Mashariki zimekuwa adimu madukani, na zenye saini ya mwandishi ni adimu zaidi. Kwa mkazi wa Singida kuzipata inawezekana, ila lazima ajue anachotafuta.

Za kuanza nazo

• *Shida* (1975), Ndyanao Balisidya. Mwandishi alitokea Dodoma, mkoa jirani, na alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jina lake huandikwa pia May Balisidya au May Matteru. Anayetafuta kwa jina moja tu anaweza kumkosa.

• *Hana Hatia* (1975), Martha Mvungi. Ilitolewa na Tanzania Publishing House.

• *Mali ya Maskini* (1981), Zainab Burhani. Ilichapishwa Kenya.

• *Parched Earth* (2001), Elieshi Lema. Ni ya Kiingereza, kutoka E&D ya Dar es Salaam, kampuni ambayo Lema ni mwanzilishi mwenza.

Pa kutafuta

Walimu wastaafu ndio wa kwanza kuulizwa, kisha wauza vitabu vya mtumba. Kilichopatikana Dar husafirishwa kwa basi kama kifurushi. Kitabu chenye muhuri wa maktaba kinahitaji uthibitisho kuwa kiliondolewa rasmi, la sivyo bado ni mali ya maktaba hiyo.

Kuhakiki saini

Wengi huchanganya saini ya mwandishi na jina la mwenye kitabu aliyejiandikia ukurasa wa kwanza. Tarehe nayo husema mengi: saini yenye tarehe ya baada ya kifo cha mwandishi ni feki, hakuna mjadala. Kwa mwandishi aliye hai, njia ya uhakika ni kumfikia kupitia mchapishaji wake au kwenye uzinduzi wa kitabu. Akiandika jina la anayempa, mahali na tarehe, nakala inabeba historia kuliko saini tupu.

Utunzaji

Adui wa vitabu Singida ni jua, vumbi na mchwa. Kabati liinuliwe kutoka sakafuni na likae mbali na dirisha. Selotepu isitumike kabisa, maana gundi yake huacha madoa kwenye karatasi.

Vitabu hivi vingi havina toleo jipya la kuziba pengo. Nakala moja ikiliwa na mchwa, idadi ndiyo imepungua hivyo.