Kiharusi: jinsi ya kukitambua na la kufanya haraka

Kiharusi hutokea damu inaposhindwa kufika sehemu fulani ya ubongo, kwa sababu mshipa umeziba au umepasuka. Sehemu hiyo huanza kufa ndani ya dakika chache. Kwa hiyo aliyepatwa na kiharusi usiku asisubiri kupambazuke.

Dalili huja ghafla. Mwambie mgonjwa atabasamu: mdomo umeenda upande? Ainue mikono yote miwili: mmoja unashuka? Aseme sentensi fupi kwa lugha aliyoizoea, iwe Kiswahili, Kinyarwanda au Mashi: maneno hayaeleweki? Dalili moja tu inatosha. Wengine hupoteza kuona ghafla, hupepesuka, au huumwa kichwa vikali kuliko walivyowahi kuumwa. Jirani akisema "huyo amelewa", mtazameni mdomo kwanza.

Piga 912, namba ya gari la wagonjwa nchini Rwanda. Simu hiyo hailipiwi. Walioko kituo cha muda cha Nyarushishi wawaite mara moja wahudumu wa afya wa hapo, na wanaoishi vijijini wamwite pia mshauri wa afya (umujyanama w'ubuzima). Wilaya ya Rusizi ina hospitali ya Gihundwe, iliyoko Kamembe, na ya Mibilizi.

Daktari atauliza: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Jibu hilo lina uzito mkubwa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, kwa kawaida hutolewa kabla ya kupita saa 4 na nusu, tena baada ya kichwa kupigwa picha ya skana. Kama aliamka akiwa hivyo, taja saa aliyolala. Aliyeshuhudia aende naye, maana mgonjwa mwenyewe huenda asiweze kusema.

Mnaposubiri gari, msimpe chakula, maji wala kidonge, kwa kuwa anaweza kupaliwa. Hata aspirini msimpe: kama mshipa umepasuka, itazidisha kuvuja kwa damu. Akitapika au akipoteza fahamu, mlazeni kwa ubavu. Msimchanje.

Mtu akianguka ghafla, wengi husema amerogwa au amelishwa sumu, na saa nzima hupotea wakitafuta mganga. Wanaotaka kumwombea wanaweza kumwombea ndani ya gari.

Dalili zikitoweka baada ya dakika kadhaa, bado aende hospitali siku hiyohiyo. Hilo linaweza kuwa onyo kwamba kiharusi kikubwa kiko njiani.

Chanzo kikubwa ni presha ya juu, ambayo mara nyingi haiumi wala haionekani. Waliokimbia Kongo wakaacha dawa zao nyumbani wako hatarini zaidi. Kama ulikuwa unameza dawa za presha au za kisukari, mwambie mhudumu wa afya siku ya kwanza unapofika, hata kama unajisikia vizuri. Ukiwa bado na pakiti tupu, mwonyeshe. Jina la dawa limeandikwa hapo.