Kadi za mkopo zilivyowanasa vijana, na swali la kuuliza kabla hujakopa

Ndugu mkulima, na wewe mwenye duka, msimu wa mbegu ukikaribia vijana hunijia na simu mkononi niwasaidie kusoma masharti ya mkopo. Nikiuliza watarudisha jumla ya shilingi ngapi, wengi wanajua kiasi watakachopewa tu. Siwalaumu. Masharti ya mikopo yamewachanganya watu kwa muda mrefu, hata Marekani kadi za mkopo zilikoanza kuenea.

Kadi hiyo si ile unayotolea pesa zako benki. Unanunulia kwa fedha ya benki, halafu unadaiwa. Septemba 1958, Bank of America ilituma kwa posta kadi zipatazo 60,000 kwa watu wa Fresno, mji wa eneo la wakulima huko California. Hakuna aliyeziomba! Benki ilitarajia wachelewaji wachache; wakawa zaidi ya mmoja kwa kila watano. Kutuma kadi zisizoombwa kulipigwa marufuku mwaka 1970.

Lakini tatizo kubwa lilikuwa namna riba ilivyotajwa. Mwaka 1960 Seneta Paul Douglas, aliyekuwa mchumi, alipeleka muswada wa kuwalazimisha wakopeshaji kutaja riba halisi ya mwaka. Tuweke kwa shilingi, uone alichokuwa anapigania. Umekopa 120,000 kwa riba ya asilimia 6, unarudisha 127,200 kwa miezi 12, yaani 10,600 kila mwezi. Inaonekana nafuu. Ila 120,000 hukai nayo mwaka mzima, maana kila mwezi unarudisha sehemu yake. Ukipiga wastani, fedha unayokaa nayo ni kama 65,000 tu, na riba yako ni 7,200. Hiyo ni karibu asilimia 11, si 6!

Wakopeshaji walimpinga miaka na miaka. Mwaka 1966 alishindwa uchaguzi, na sheria ikapita 1968 akiwa nje ya Seneti.

Vijana walibaki wazi. Kampuni za kadi ziliweka meza vyuoni, zikagawa fulana na vyakula kwa mwanafunzi atakayejaza fomu. Kila mwezi kijana aliona kiasi kidogo cha chini anachoruhusiwa kulipa, akalipa hicho akidhani deni linaisha, kumbe sehemu kubwa inamezwa na riba. Sheria ya mwaka 2009 ndiyo iliyobana: aliye chini ya miaka 21 aonyeshe kipato chake au awe na mtu mzima wa kusaini naye, zawadi za kuvutia wanafunzi vyuoni zikakatazwa, na kila taarifa ya deni iseme itachukua muda gani kulimaliza ukilipa kile cha chini tu.

Huku kwetu vijijini kadi hizo hazikufika sana. Simu ilifika. Kenya, M-Shwari ilianza Novemba 2012 kwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Iliitwa ada, haikuitwa riba, na neno hilo limewalaza wengi. Kwa kiwango hicho, ukikopa 10,000 unarudisha 10,750. Ukilipa na kukopa tena hivyohivyo kila mwezi, mwaka ukiisha umetoa 9,000 za ada peke yake.

Mwenye duka anayemaliza gunia la sukari kwa wiki mbili anaweza kuimudu ada hiyo, kama faida yake inaizidi. Mahindi hayakomai kwa siku 30. Kijana anayenunulia mbolea kwa mkopo wa mwezi mmoja atadaiwa shamba likiwa bado kijani, naye atakopa kwingine ili alipe.

Kwa hiyo, hata kwenye kikao cha vikoba, uliza: riba inapigwa kwenye deni lote la mwanzo, au kwenye salio lililobaki? Na jumla ya kurudisha, pamoja na ada zote, iandikwe kwenye karatasi kabla hujatia sahihi.