Siri ya Mtungi wa Kijani

Ukiingia kwenye baa iliyojipanga vizuri, angalia rafu ya juu kabisa, pale wanapoweka chupa za bei. Huenda ukaona kinywaji cha rangi ya majani, jina lake Chartreuse. Ndani mna alkoholi asilimia 55, sukari, na mimea 130. Mimea gani? Hapo ndipo stori inapoanza, kwa sababu wanaojua ni watawa wawili au watatu tu, na hao si watu wa kupiga domo.

Ni watawa Wakatoliki wa shirika la Wakartusi, lililoanzishwa na Bruno mwaka 1084 katika milima ya Chartreuse, karibu na mji wa Grenoble, Ufaransa. Kila mmoja huishi peke yake, akisali, akisoma na kufanya kazi za mikono. Huongea kwa nadra sana. Kama una siri, ungempa nani mwingine?

Wao wenyewe husimulia kwamba mwaka 1605 François Annibal d'Estrées, bwana mmoja wa jeshi, aliwapa wenzao wa Paris hati ya kale iliyoeleza dawa ya kurefusha maisha. Hati ilikuwa ngumu kueleweka, ikakaa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1737, mtawa Jérôme Maubec, aliyekuwa mtaalamu wa dawa wa monasteri, ndiye aliyefaulu kuifumbua.

Usishangae kwamba pombe hii ilianza kama dawa. Enzi hizo monasteri za Ulaya zilikuwa na bustani za mitishamba, na pombe kali ndiyo iliyotoa nguvu ya mizizi na majani na kuihifadhi isiharibike. Sukari ikapunguza uchungu. Taratibu, kilichonywewa kwa matone kikawa kinywaji cha baada ya mlo. Hadi leo watawa huuza ile dawa ya mwanzo, yenye alkoholi asilimia 69, na watu huidondoshea kwenye kipande cha sukari.

Kisha yakaja Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789. Watawa wakatawanywa, na hati ikapita mkono kwa mkono hadi ikamfikia Liotard, mwenye duka la dawa pale Grenoble. Mwaka 1810 serikali ya Napoleon ikaamuru kila dawa ya siri ipelekwe kwa wizara ikaguliwe. Liotard akatii. Jibu likarudi: imekataliwa. Hebu fikiria! Siri yote ilikuwa mezani kwa maofisa, nao wakairudisha kama fomu iliyojazwa vibaya. Watawa walirejea milimani 1816, na Liotard alipofariki, hati ikarudi kwao.

Mwaka 1903 mambo yalikuwa makali zaidi. Serikali ya Ufaransa, iliyokuwa ikipambana na mashirika ya kidini, ilituma askari wakawatoa watawa kwenye monasteri yao. Mali ikachukuliwa: kiwanda, hata jina la kinywaji. Jina likauzwa kwa kampuni, na kampuni ikaanza kutengeneza Chartreuse yake. Lakini kulikuwa na tatizo moja. Hakuna aliyejua inavyotengenezwa.

Watawa, kwa upande wao, walivuka mpaka hadi Tarragona, Uhispania, wakaendelea na kazi. Basi kukawa na kampuni yenye jina bila siri, na watawa wenye siri bila jina, angalau nchini Ufaransa. Kule Marekani kesi ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 1911 majaji wakaamua kwamba huko jina ni la watawa. Kampuni ya Ufaransa nayo ikazidi kuyumba hadi ikafilisika mwaka 1929. Marafiki wa watawa wakanunua hisa zake kwa bei ya kutupa, wakawapa zawadi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata haikuwa imeuzwa.

Ungedhani baada ya hayo yote wangetaka kulipwa fidia na soko. Lakini wakati baa za dunia nzima zilipokuwa zikikigombania kinywaji hiki, watawa walifanya jambo ambalo mfanyabiashara yeyote angeliita wazimu. Waliamua kutoongeza uzalishaji, ubaki kama chupa milioni 1.6 kwa mwaka, na habari zilipoenea mwaka 2023, wateja walihangaika kweli. Sababu yao? Kulinda mazingira, na kubaki na muda wa sala na upweke.

Sisi tumezoea kuambiwa kwamba kitu kisipokua kinakufa. Hawa walinyang'anywa kiwanda, nyumba na jina, na bado wakarudi. Sasa wanaotaka kuwabadilisha ni wateja wenye pesa mkononi, na jibu wanalopewa ni kwamba wasubiri.