Mafua ya Ndege: Gava Imejipanga Aje, na Mfugaji wa Wamagana Anaingilia Wapi?

Kama unakaa Nyeri ama mtaa wowote huku karibu na Mlima Kenya, lazima unajua msee mwenye ako na kuku. Pengine ni wewe. Kuanzia Wamagana mpaka Karatina, banda la leya nyuma ya keja limekuwa njia ya vijana wengi kutafuta unga. Yale mayai boilo unanunua stage na kachumbari yanatoka kwa mabanda kama hayo.

Sasa kuna ugonjwa mmoja unaweza kufagia banda zima kwa siku mbili tatu, na mambo yakiharibika zaidi, uhamie kwa mtu. Unaitwa mafua ya ndege. Gava ya Kenya ilianza kujipanga nao rasmi 2005. Wacha tukuchanue: ni nini, mpango uko aje, na shimo liko wapi.

MAFUA YA NDEGE NI NINI?

Ni influenza aina ya A inayoishi kwa ndege, hasa bata na ndege wa majini. Wengi wao huibeba bila kuugua sana. Ikiingia kwa kuku wa kufugwa, aina kali kama H5N1 inaua karibu banda lote. Hii H5N1 iligunduliwa kwa bata bukini huko Guangdong, China, mwaka wa 1996. Mwaka uliofuata ikaruka kwa binadamu Hong Kong: watu 18 wakaugua, 6 wakakufa. Hong Kong ikachinja kuku wote waliokuwa huko, zaidi ya milioni moja.

Tangu 2003, WHO imehesabu zaidi ya watu 900 walioshikwa na H5N1 duniani. Karibu nusu walikufa. Hiyo ni noma, lakini soma vizuri: karibu wote waliipata kwa kushika ndege wagonjwa ama kukaa mahali walipokuwa. Virusi hivi bado havijajua kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine kirahisi. Siku vikijua, hiyo sasa ni janga la dunia nzima, kama lile la influenza la 1918 ambalo liliingia Kenya kupitia bandari ya Mombasa.

Wanasayansi wanakosa usingizi pia juu ya wanyama wengine. Machi 2024, Marekani ilitangaza kwamba H5N1 imepatikana kwa ng'ombe wa maziwa, kitu ambacho hakikuwa kimeonekana mbeleni. Kwa kaunti kama Nyeri, ambapo kuku na ng'ombe wanalala boma moja, hiyo si habari ya mbali.

GAVA ILIANZA KUJIPANGA LINI?

2005, wakati H5N1 ilikuwa inatembea kutoka Asia kuja Ulaya, Kenya iliunda jopo la kitaifa la mafua ya ndege. Ndani yake walikuwa watu wa afya, mifugo na wanyamapori, na wakaandika mpango wa dharura. Sababu ilikuwa wazi. Kila mwaka, kuanzia karibu Septemba, ndege wengi huhama kutoka Ulaya na Asia wakifuata Bonde la Ufa, na maziwa kama Nakuru, Elmenteita na Naivasha ni kama hoteli yao. Kutoka huko kuja Nyeri ni kuvuka Aberdare tu.

Februari 2006 ugonjwa ukatua Afrika kupitia Nigeria, kisha Misri. Kabla mwaka uishe, Sudan na Djibouti pia zilikuwa zimeguswa, na Mei mtoto wa miaka 2 akathibitishwa kuugua Djibouti. Kenya wimbi hilo lilipita bila kisa hata kimoja kuthibitishwa. Lakini hofu pekee ilitosha kuumiza watu: wanunuzi walitoroka, bei ya kuku ikaanguka, na wafugaji wakabaki na hasara ya ugonjwa ambao hata haukuwa umefika.

Januari 2017 mambo yalikaribia zaidi. Uganda ilithibitisha mafua ya ndege kwenye ufuo wa Ziwa Victoria karibu na Entebbe, kwanza kwa ndege wa porini. Waziri wa Kilimo wakati huo, Willy Bett, akapiga marufuku kuku na mayai kutoka Uganda. Tena Kenya ikapita bila kuthibitisha kisa.

NYERI IKO WAPI KWA HII MPANGO?

Hapa ndipo wengi hawajui. Nyeri iko ndani kabisa.

Ile hofu ya 2006 ilifanya KEMRI, CDC na Wizara ya Afya waanze mtandao wa kufuatilia influenza hospitalini. Hospitali ya mkoa ya Nyeri, ile leo inaitwa hospitali ya rufaa ya kaunti, ilikuwa mojawapo ya vituo. Wagonjwa wenye homa kali na kikohozi walikuwa wanachukuliwa sampuli ya pua na koo, inapelekwa Nairobi kupimwa ni influenza gani.

Mtandao huo ulioanza kwa sababu ya kuku ulisaidia kwa mambo mengine. Juni 2009 Kenya ilipata kisa cha kwanza cha H1N1, mwanafunzi wa udaktari kutoka Uingereza aliyekuwa Kisumu, na vituo hivyo ndivyo vikafuatilia vile iliendelea kusambaa. Machi 2020, aliyethibitisha kisa cha kwanza cha Covid ilikuwa maabara ya kitaifa ya influenza. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema pesa za mafua ya ndege zilipotea bure, mwambie atulie.

Upande wa mifugo, Karatina kuna maabara ya mkoa ya uchunguzi wa magonjwa ya wanyama, na juu yake kuna maabara kuu ya Kabete. Tangu 2012 kuna pia kitengo cha pamoja cha wizara za afya na mifugo kinachoshughulikia magonjwa yanayotoka kwa wanyama kuja kwa watu. Wazo ni rahisi: daktari wa watu na daktari wa ng'ombe waongee kabla mambo yaharibike.

Na kuna jambo lingine. Mutahi Kagwe, mtu wa Mukurweini aliyekuwa waziri wa Afya wakati wa Covid, aliapishwa Januari 2025 kuwa waziri wa Kilimo na Mifugo. Yaani aliyekuwa akitusomea namba kila siku alihamia upande wa kuku.

SASA SHIMO LIKO WAPI?

Kwanza, mpango wa 2005 uliandikwa wakati Nyeri ilikuwa wilaya ndani ya Mkoa wa Kati. Amri ilitoka Nairobi ikashuka laini moja. Katiba ya 2010 ilibadilisha hiyo. Kuzuia magonjwa ya mifugo na huduma za afya za mashinani zikawa kazi ya kaunti, na sera ikabaki kwa gava kuu. Ina maana kuku wakikufa Wamagana, wa kwanza kufika ni daktari wa mifugo wa kaunti, mwenye anategemea bajeti ya kaunti, mafuta ya gari ya kaunti, na bunge la kaunti kupitisha pesa. Kabete inaweza kuwa na mashine kali kiasi gani, lakini bila sampuli haina la kupima.

Pili, Newcastle. Mfugaji yeyote ameona kuku wakipinda shingo, wakiharisha kijani na kukufa kwa wingi. Mafua ya ndege yanafanana na hiyo sana: vifo vya ghafla, kichwa kuvimba, kishungi kugeuka bluu, mayai kupungua. Kwa macho huwezi tofautisha, ni maabara tu. Kwa sababu Newcastle tumeizoea, mtu anasema "ni ile ya kawaida", anazika wengine, na wale wanaanza kusinzia anawachinja haraka ama anawauza bei ya kutupa kabla wakufe. Kesho yake wako kwa tenga juu ya nduthi wakielekea soko. Huo ndio mlango wenyewe.

Tatu, na hii ndiyo kubwa: fidia. Sheria ya magonjwa ya wanyama, Sura ya 364, inamtaka mwenye mifugo aripoti ugonjwa ulio kwenye orodha. Ukiripoti na ipatikane ni H5N1, dawa ya banda lako ni moja: kuku wote wanauawa, hata wale wazima. Kama mtu amechukua loni ya chama kununua leya 200 na hajui kama atalipwa, unafikiri atapiga simu? Nigeria walijifunza hiyo 2006, gava ikaanza kulipa naira 250 kwa kila kuku ili watu wasifiche. Misri, ambapo kuku wengi ni wa nyumbani, ugonjwa ulikita mizizi na zaidi ya watu 350 wakaugua kwa miaka iliyofuata.

Kwa hivyo ukitaka kujua kama gava imejipanga, usiulize tu iko na maabara ngapi. Uliza kaunti yako: kuku wakiuawa kwa amri, nani analipa, pesa ngapi, na baada ya siku ngapi? Hilo jibu linafaa kujulikana Wamagana kabla ya ugonjwa kufika. Ukisubiri mpaka watu wa Kabete waingie na maovaroli meupe, utakuwa umechelewa.

WEWE UFANYE NINI?

1. Kuku wengi wakikufa kwa ghafla, usiwaguse na mikono mitupu, usiwale, usiwauze, usiwatupe mtoni. Piga simu ama tembelea ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo. Kwa watu wa Tetu, ofisi za kaunti ndogo ziko hapo Wamagana.

2. Chanja kuku dhidi ya Newcastle kwa wakati. Haizuii mafua ya ndege, lakini banda lililochanjwa likianza kufa, wewe na daktari mtajua haraka hii si ile ya kawaida.

3. Kuku wapya wakae kando wiki mbili kabla uwachanganye. Weka viatu vya banda pekee yake, na usikubali matenga ya dalali yaingie boma kabla ya kuoshwa.

4. Bata na kuku wasichangie maji, na funika chakula ndege wa nje wasikifikie.

5. Ukipata homa, kikohozi ama macho mekundu baada ya kushika kuku wagonjwa, enda hospitali na uwaambie hiyo habari ya kuku mapema. Dawa za influenza zinafanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya saa 48. Na chini ya kanuni za afya za kimataifa, kisa kama hicho kikithibitishwa, Kenya iko na saa 24 tu kuripoti kwa WHO.

6. Kuku na mayai yaliyoiva vizuri ni salama. Virusi hufa nyama ikifika nyuzi 70 mpaka ndani. Kwa hivyo ile boilo yako endelea nayo, bora kiini kiwe kigumu.