Elimu ya Biashara Chuoni na Maarifa ya Mpakani: Busia na Malaba katika Historia

Kandoni mwa barabara iungayo miji ya Busia na Malaba, upande wa Kenya, pana mahali paitwapo Alupe. Kwa muda mrefu jina hilo lilivuma kwa sababu ya hospitali ya ukoma na kituo cha utafiti wa maradhi hayo kilichozitumikia nchi za Afrika Mashariki kwa jumla. Mwaka 2015 palianzishwa hapo chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, na mwaka 2022 chuo hicho kikapewa hati yake, kikawa Chuo Kikuu cha Alupe. Usimamizi wa biashara ni mojawapo ya masomo ya shahada ya kwanza yanayofundishwa huko. Hivyo elimu iliyozaliwa Nairobi kwa mahitaji ya ofisi imekuja kukaa jirani na biashara ambayo haikuwahi kuwa na ofisi. Makala hii inakusudia kuonyesha jinsi pande hizo mbili zilivyokua mbalimbali, na kwamba lugha ni sehemu kubwa ya umbali uliopo baina yao.

Elimu ya biashara ya kiwango cha juu nchini Kenya haikuanza kwa amri ya serikali peke yake. Baada ya vita kuu vya pili, Wahindi wa Afrika Mashariki waliunda chama cha kujenga chuo cha kumbukumbu ya Mahatma Gandhi, na biashara ilikuwa miongoni mwa masomo waliyoyakusudia. Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa ikijenga chuo cha ufundi mjini Nairobi kilichopata hati ya kifalme mwaka 1951. Juhudi hizo mbili zikaunganishwa, na wanafunzi wa kwanza wakapokewa mwaka 1956. Chuo hicho kikapita katika majina kadhaa: mwaka 1961 kilikuwa chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London, mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kikasimama peke yake kama Chuo Kikuu cha Nairobi.

Haja ya wakati ule ilikuwa dhahiri. Uhuru ulipopatikana, wahasibu, mameneja wa benki na wakuu wa makampuni walikuwa wageni, na nafasi zao zilihitaji Waafrika wenye vyeti. Kwa hiyo mwanafunzi wa biashara alifundishwa kuingia katika nyumba iliyokwisha kujengwa na mtu mwingine: kampuni yenye bodi, vitabu vya hesabu, idara na mishahara. Mifano ilitoka viwandani Uingereza na Marekani, na lugha ilikuwa Kiingereza. Chuo Kikuu cha Moi kilipoanzishwa mwaka 1984, na vyuo vingine vilipofuata, umbo hilo la elimu lilienea nchini bila kubadilika sana.

Huku mpakani mambo yalikuwa na historia yake. Mwaka 1902 jimbo la mashariki la Uganda lilihamishiwa upande wa Kenya, na mpaka uliotokana na mageuzi hayo ukawagawa Wateso na Wasamia, hawa wakawa raia wa huku na wale wa kule. Lakini soko halikugawanyika. Reli iliyopita Malaba ilifika Kampala mwaka 1931, na hadi mwaka 1966 shilingi iliyotumika pande zote ilikuwa moja. Baada ya hapo kila nchi ilitoa fedha yake, na ndipo kazi ya kubadilisha fedha ikapata maana. Kijana aliyesimama Malaba na mabunda ya noti mkononi alilazimika kujua bei ya mahindi, habari za Kampala na uvumi wa siku hiyo hiyo. Mwaka 1987 Uganda ilipofuta sifuri mbili katika shilingi yake na kutoza asilimia 30 ya fedha zilizobadilishwa, mwenye akiba ya noti za zamani alipata somo ambalo hakuna mhadhara ungelifundisha kwa ukali kama huo.

Miaka ya 1970 ndiyo iliyoipa biashara ya mpakani jina baya. Idi Amin aliwafukuza Wahindi mwaka 1972, maduka yakagawiwa watu, bidhaa zikaadimika, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977. Baridi kali ilipoharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa ilipanda duniani, na kahawa ya Uganda ikamiminika Kenya kwa njia za panya; soko la Chepkube, kaskazini ya Malaba, likawa maarufu kwa ajili hiyo. Uganda nzima ikapata maneno mawili ya Kiswahili ya kueleza uchumi wake: magendo, yaani biashara ya kificho, na mafuta mingi, yaani watu walioneemeka kwa mali za waliofukuzwa. Sarufi sanifu ingedai mafuta mengi, lakini sokoni hapana mtahini.

Neno magendo lina hukumu ndani yake, na hukumu hiyo imewazuia wasomi wengi kuona kazi yenyewe. Chukua mfano wa bodaboda. Miaka ya 1960 na 1970, abiria aliyeshushwa na basi upande mmoja wa mpaka alipaswa kuvuka eneo lililo kati ya vituo viwili, akiwa na mizigo. Vijana wenye baiskeli waliwaita abiria kwa neno walilolitohoa kutoka Kiingereza, boda, likimaanisha mpaka, nalo likarudiwa mara mbili kwa desturi ya Kiswahili. Aghalabu baiskeli haikuwa mali ya dereva: alimlipa mwenyewe kiasi maalumu kila jioni, na kilichozidi kilikuwa chake. Hapo pana mtaji, kodi, hatari na faida. Kutoka mpakani huduma hiyo na jina lake vimeenea Afrika Mashariki yote, kwa baiskeli kwanza, kisha kwa pikipiki.

Mfano wa pili unastahili kutajwa zaidi kuliko unavyotajwa. Huko Busia watu wenye ulemavu wa miguu, wengi wao kwa sababu ya polio, walitumia baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono kuvusha bidhaa. Maofisa wa forodha mara nyingi hawakuwabana kama walivyowabana wengine. Wenye mali wakaligundua hilo, wakawapa mizigo. Wao wakawaajiri wasukumaji na wakashirikiana kutetea kazi yao. Mtu aliyehesabiwa mzigo nyumbani akawa mwajiri barabarani. Biashara hiyo ilififia baadaye, taratibu za ushuru zilipobadilika.

Yafaa ikumbukwe kwamba Kiswahili hakikuingia katika biashara kikiwa mikono mitupu. Rasilimali, faida, hasara, dhamana, dalali, hundi, bima, jumla na rejareja ni maneno ya karne za biashara ya pwani, baadhi yakitoka Uarabuni na mengine Bara Hindi. Mali kauli, yaani bidhaa zinazochukuliwa kwa ahadi ya mdomo na kulipwa baada ya kuuzwa, ni mkopo wenye masharti yanayojulikana kwa wote wawili, ingawa hayakuandikwa.

Tangu umoja wa forodha ulipoanza mwaka 2005, mengi yamegeuka. Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa na marais wa nchi mbili mwaka 2018, na msafiri sasa hukaguliwa katika nchi anayoingia tu. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 aweza kutumia cheti chepesi cha asili ya bidhaa na asitozwe ushuru wa forodha. Hata hivyo njia za panya hazijaota majani.

Mwanafunzi anayetaka kulieleza jambo hilo katika tasnifu yake huenda sokoni, akamhoji muuza dagaa kwa Kiswahili, Kiteso au Kisamia, kisha akarudi chuoni kuandika kwa Kiingereza. Maneno ya yule mama hufasiriwa kabla ya kuchunguzwa. Mali kauli hugeuka mkopo usio rasmi, na njia ya panya hugeuka uvunjaji wa sheria. Tasnifu hutahiniwa, hufungwa jalada, huwekwa maktabani kilomita chache kutoka sokoni, na aliyehojiwa hana lugha ya kuisoma.