Sala ya Wasio na Ukoo

Historia ya Ukristo wa Morogoro ilianzia Unguja. Mapadri Wakatoliki walifika kisiwani mwaka 1860 wakitokea Réunion, na mwaka 1863 kazi yao ikashikwa na Shirika la Roho Mtakatifu, chini ya Padri Antoine Horner. Watoto walikombolewa kutoka soko la watumwa, ambalo halikufungwa mpaka mwaka 1873. Mwaka 1868 misheni ilivuka bahari ikatua Bagamoyo, na huko watoto hao wakakua, wakaozwa, wakapewa vibanda na mashamba.

Upweke wao ulikuwa wa namna yake. Mmoja alitoka Uyao, mwingine pande za Ziwa Nyasa, na lugha ya mama haikumfaa yeyote kwa kusema na jirani. Waliunganishwa na Kiswahili, na Kiswahili hicho walijifunza kwa kiasi kikubwa katika kusali. Misa ilisomwa kwa Kilatini, lakini sala za pamoja na katekisimu vilifundishwa kwa lugha ya pwani. Hapa mpenda lugha hana budi kusita kidogo: sala, imani, dhambi, rehema, yote ni maneno waliyoyakuta vinywani mwa Waislamu. Mateka walimlilia Mungu kwa maneno ya nchi ile ile iliyowauza.

Isidhaniwe kuwa misheni ilikuwa pepo. Kengele iliamuru kuamka, kulima na kulala, wapo waliotoroka.

Mwaka 1877 baadhi ya wanandoa hao walifuatana na mapadri kwenda kuanzisha misheni ya Mhonda, katika milima ya Nguru. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 ikafuata Morogoro, chini ya Uluguru, na mwaka 1884 Tununguo. Waluguru huhesabu nasaba kwa upande wa mama. Ardhi ni ya ukoo, na mjomba ndiye msemaji. Nao walikuwa na sala yao ya pamoja: watu walitoka mbali kwenda pango la Kolelo kuomba mvua, na matambiko yaliwakutanisha wazima na wafu wao. Mgeni kutoka Bagamoyo hakuwa na mjomba wala kaburi la kutambikia. Alikuwa huru, lakini uhuru wa mtu asiye na ukoo ni nusu ya uhuru.

Kwa mtu huyo, Baba Yetu haikuwa sala ya kukariri tu. Neno lile “yetu” lilimtia katika hesabu ya watu. Mwenzake wa kupiga magoti jioni ndiye aliyekuwa ndugu yake, naye msimamizi wa ubatizo akasimama mahali pa wazazi aliowapoteza njiani. Tumaini lao lilikuwa dogo na la kushikika: kwamba kesho jioni wangekuwapo wengine wa kuitikia.

Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa msingi wa kazi yao ya kichungaji. Morogoro, mji uliovuta wageni wa reli, wa mashamba ya mkonge na wa viwanda, majirani husali nyumba kwa nyumba kila wiki. Mgeni akifiwa mbali na kwao, mara nyingi hao ndio wa kwanza kubisha hodi, nao hukesha naye mpaka ndugu wafike.