Noti Mkononi, Macho Vitini

Shangazi yangu wa Ngamiani, Tanga, hakukosa taarabu ya harusi mtaani kwake kwa miaka mingi, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona akiinuka kwenda kutunza. Alifika mapema, akachagua kiti cha ukutani, pale ambapo mtu anauona mlango, jukwaa na safu zote za viti, akapakata mkoba wake, akatulia. Nilipotimiza miaka kumi na tisa alinichukua kwa mara ya kwanza. Njiani alinipa wosia mmoja tu: "We mtoto, mwimbaji utamsikia kwa masikio. Macho yako yaweke vitini."

Asiyeijua taarabu hudhani kutunza ni kumlipa mwimbaji. Pesa kweli huenda kwake, lakini maneno huenda kwingine. Mwanamke hukaa akisubiri ubeti unaosema lake la moyoni. Ukifika, huinuka, akaishika noti juu ionekane, akatembea kwa madaha. Hapiti njia fupi. Huzunguka, na akifika mbele ya kiti fulani hupunguza mwendo, labda akavuta ushungi wa khanga ili jina la khanga, yaani yale maandishi yake, lisomeke vizuri. Kisha humpa mwimbaji noti na kurudi kukaa. Hajamtaja mtu. Ukimuuliza kesho, atakwambia aliupenda wimbo.

Mchezo huu haukuanzia kwetu, wala haukuanza na muziki wenyewe. Husimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga ala ya kanuni. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, mabwana wa mjini na ala zao, wakiimba kwa Kiarabu. Ulikuwa muziki wa kusikilizwa kwa adabu. Kijembe hakichomi kwa lugha asiyoijua anayechomwa, na walioifahamu lugha ile walikuwa wachache.

Aliyeufungua mlango ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, binti wa watu waliokuwa watumwa. Aliimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Nyimbo zake zilibeba visa vya watu ambao wasikilizaji waliwajua. "Kijiti" ni kisa cha mwanamke aliyetoka Dar es Salaam kuitembelea Unguja akauawa, na muuaji akakimbilia bara. Msikilizaji wa Ng'ambo, Unguja, hakuhitaji kuelezwa nani ni nani. Hapo ndipo aliyekaa kitini alipopata kazi: wimbo ulimwachia nafasi, naye akaijaza kwa anayoyajua.

Kwetu Tanga nafasi hiyo ilijazwa na mapenzi. Katika miaka ya 1960 na 1970 Black Star, na baadaye Lucky Star, walipunguza ukubwa wa bendi, wakaingiza gitaa, wakawaweka mbele waimbaji wanawake. Shakila Saidi alipata jina katika vikundi hivyo. Sauti ya mwanamke ikiimba habari za kupenda na kupokonywa, katika ukumbi uliojaa wanawake, ilikuwa jambo zito. Kumbuka binti wa Kipwani hakuwa na ruhusa ya kusimama na kijana barabarani. Posa ilipelekwa na wazee, mshenga akaenda na kurudi, na mwenyewe akaulizwa mwisho, kama aliulizwa. Lakini noti ilikuwa na ruhusa ya kutembea. Kwa noti mwanamke aliweza kutangaza kwamba anapenda, kwamba ameachwa, au kwamba fulani aliyekaa pale ajiangalie.

Usiku ule wa kwanza mimi sikuwa na la kutangaza. Mwimbaji alifika kwenye ubeti unaomhusu aliyetunza mti hadi ukazaa, kisha mwingine akaja kuchuma. Sauti yake ilinipendeza mno. Nilikuwa na noti ya shilingi mia mbili iliyofungwa kwenye pindo la khanga. Nikaifungua, nikainuka. Katikati palikuwa na watoto wamelala juu ya mkeka, basi nikazunguka upande wa kulia, nikasita mbele ya kiti kimoja ili nisimkanyage mtoto.

Kwenye kiti kile alikaa binti aliyekuwa amechumbiwa wiki ile.

Nilisikia ukumbi ukivuta pumzi. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, kifupi, cha uchokozi. Nilipokuwa narudi kukaa, yule binti alikwishasimama na noti kubwa kuliko yangu, akamwinamia mwimbaji sikioni, na ubeti uleule ukarudiwa. Shangazi hakunitazama. Alisema tu, akiwa bado ameangalia mbele, "Haya. Umeshasema."

Asubuhi, kabla chai haijachemka, majirani watatu walikwishapita kwetu kumuuliza shangazi nimeanza lini na yule kijana aliyemchumbia binti yule. Mimi sura yake nilikuwa siijui. Niliapa kwa kila kiapo kwamba nilikuwa namkwepa mtoto aliyelala. Haikufaa kitu, kwa sababu maelezo hayo ndiyo hutolewa na kila mwenye hatia. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atalifumbua, na mtaa mzima ulijiona mwerevu.

Ndipo nilipomwelewa shangazi. Wanaoinuka huonekana ndio wachezaji, na waliokaa ndio watazamaji, lakini hukumu hutoka vitini. Bila macho ya waliokaa, noti yangu ilikuwa shilingi mia mbili tu. Wao ndio walioigeuza kuwa habari ya mapenzi, wakanipa na mchumba. Na habari hiyo ilipokwisha kuamuliwa haikukatiwa rufaa. Shangazi, asiyeinuka hata siku moja, ndiye aliyeulizwa kila asubuhi ya harusi ni nani kamtunzia nani, na alilolisema ndilo lililosimama. Kwa bahati yangu, baada ya siku tatu aliniokoa kwa maneno manne: "Alikuwa anamruka mtoto, basi." Watu wakakubali, kwa sababu amesema yeye.

Mambo yalibadilika. Katika miaka ya 1990 vikundi vya TOT na Muungano vilishindana Dar es Salaam kwa mipasho mikali, na kijembe kikaanza kutupwa waziwazi kutoka jukwaani. Fumbo lilipopungua, kazi ya mtazamaji nayo ikapungua: kilichokwisha kusemwa hakihitaji mfumbuzi.

Mwaka jana nilimwonyesha shangazi video ya harusi ya mjukuu wake. Siku hizi haoni vizuri, akaisogeza simu karibu na pua. Mwimbaji alionekana vyema, noti zilionekana, simu za wageni zilizoinuliwa juu zilionekana pia. Akaitazama hadi mwisho, akaomba irudiwe, kisha akanirudishia simu.

"Nzuri," alisema. "Sasa waliokaa wako wapi?"